Mzee wa Vita Hayumo Kwenye Rejista

Nilipokuwa mganga mfawidhi wa zahanati moja ya kijijini mkoani Kagera, kazi iliyoniumiza kichwa kuliko hata zamu za usiku ilikuwa fomu ya maombi ya dawa. Kila robo mwaka tuliijaza, tukaipeleka wilayani, na kutoka huko ikaenda Bohari ya Dawa. Fomu ile inauliza maswali ya msingi: mlianza robo na kiasi gani, mmepokea kiasi gani, mmetumia kiasi gani, mmebakiwa na kiasi gani. Kiasi cha kuagiza kinatokana na matumizi. Kwa dawa ya malaria hesabu hiyo inakwenda vizuri, kwa kuwa wagonjwa wa malaria kwetu hawakosekani. Kwa dawa ya presha ilitukwamisha. Wazee hawakuja kwa sababu dawa haikuwepo, na dawa haikuagizwa kwa sababu wazee hawakuja. Ukisoma karatasi zetu ungedhani kijiji kizima hakina mwenye presha.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeifanyia kazi vijijini. Baadaye nikaingia kwenye timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri, mahali ambapo mipango ya mwaka huandikwa, na hapo ndipo nilipouelewa ule mkwamo wa fomu ya dawa kwa upana wake. Mipango yetu ya afya inahesabu waliofika. Asiyefika, kule kutofika kwake kunaandikwa kana kwamba ni mzima, na mwaka unaofuata anapangiwa pungufu ya alichopangiwa mwaka huu. Nimeona makundi mengi yakipotea kwa njia hiyo, lakini hakuna lililonifundisha kama wanaume waliopigana Vita vya Kagera na kurudi kwenye migomba yao.

Aliyenifungua macho aliletwa na mjukuu wake kwa ajili ya kikohozi. Nilipomwomba avue shati nimsikilize mapafu, niliona kovu refu chini ya bega la kushoto, na kando ya kovu uvimbe mdogo mgumu, kama punje ya kahawa. Niliugusa kwa kidole ukateleza chini ya ngozi.

"Hicho ni cha Lukaya," akasema.

"Mzee, ulikuwa jeshini?"

"Mgambo, daktari. Tulichukuliwa hapa hapa kijijini."

Nikampima presha. Ilikuwa juu kiasi cha kunifanya nirudie kupima kwa mkono wa pili. Alikuwa hajawahi kupimwa tangu alipovua sare. Nilipomuuliza kwa nini, akaeleza bila hasira yoyote kwamba zamani aliwahi kufunga safari hadi hospitali moja kubwa nje ya mkoa, akiwa na matumaini kwamba kile chuma kitatolewa. Pale mapokezi aliombwa kitambulisho cha jeshi. Hakuwa nacho, kwa sababu hakuwahi kupewa. Akarudi nyumbani na chuma chake, akaamua kwamba hospitali si za watu kama yeye.

Nilipofika nyumbani jioni ile nilianza kusoma upya historia ambayo shuleni tuliipita haraka. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulishika eneo la kaskazini mwa mto Kagera. Jeshi la Wananchi lilihitaji watu wengi kwa muda mfupi, na walitoka polisi, magereza, JKT na hasa mgambo wa vijijini, maelfu kwa maelfu. Lukaya aliyoitaja yule mzee ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Machi 1979 brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, ilikutana hapo na kikosi cha Libya kilichokuja kumsaidia Amin kikiwa na vifaru na roketi. Vijana ambao miezi michache nyuma walikuwa wakipalilia mahindi walilala kwenye kinamasi chini ya mlio ule. Kampala ikaangushwa tarehe 11 Aprili 1979, mapigano yakaendelea hadi mpaka wa kaskazini wa Uganda mwanzoni mwa Juni, na mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Waliofia vitani wengi wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Waliopona walirudi kila mmoja kwao, Tabora, Mara, Songea, Singida na huku kwetu.

Mwanajeshi aliyestaafu na mgambo aliyerudi shambani hawako kwenye hali moja, na anayepanga huduma asipolitambua hilo mapema atakosea kila kinachofuata. Mstaafu ana pensheni, ana namba ya jeshi, ana wenzake wa kumfuatilia kupitia muungano wa wanajeshi wastaafu, na akiugua huitazama hospitali ya jeshi ya Lugalo kama yake, hata kama Lugalo iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Bukoba. Mgambo hana hata hiyo ya kuitazama kwa mbali. Hospitali yake ni zahanati ya kijiji au hana. Kwa hiyo kila ninaposikia watu wakizungumzia huduma za wapiganaji wa zamani kwa kupendekeza hospitali maalumu au wodi maalumu mjini, namfikiria mzee wa Lukaya. Kinachomfaa yeye ni vidonge vya presha vya amlodipini kwenye kabati la zahanati anayoifikia, na mtu wa kumpima.

Sera ipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na halmashauri zikatoa vitambulisho vya matibabu. Ni jambo jema na nimeona likiokoa watu. Lakini kitambulisho kile kinafuta gharama za ndani ya kituo tu. Hakimlipi mwenye bodaboda. Dawa ikikosekana dirishani, mzee anaandikiwa karatasi ya duka la dawa, na duka halikijui kitambulisho. Mwongozo wa tiba nao unapanga dawa kwa ngazi, nyingine zahanati, nyingine kituo cha afya, nyingine hospitali ya wilaya na kuendelea. Mpangilio huo una sababu zake za kitaalamu, lakini kwa mwenye maradhi ya kudumu una maana kwamba kadiri ugonjwa unavyokomaa na miguu inavyochoka, ndivyo dawa inavyosogea mbali naye.

Halafu kuna umbali wenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa 2007 hadi 2017, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na kipimo tulichokizoea ni kilomita 5 kutoka nyumbani hadi huduma. Kwenye ramani za wilaya tulichora duara kuzunguka kila zahanati na kuwahesabu waliomo ndani. Nilikulia kwenye nchi ya milima na mabonde yenye majimaji, na duara zile hazikuniridhisha hata siku moja. Kuna kitongoji kilichokuwa ndani ya duara letu ambacho mtu mzima mwenye nguvu alihitaji sehemu kubwa ya asubuhi kufika zahanati akitokea huko, kwa sababu njia ilizunguka bonde zima, na masika ikazunguka zaidi. Mwenye goti lililovunjika mwaka 1979 alihitaji siku nzima.

Niliposoma masomo ya mipango ya afya, mwalimu wetu alitupa mfano wa Marekani ambao sijausahau. Wao wana mfumo mkubwa wa hospitali kwa ajili ya wapiganaji wao wa zamani peke yao, na karibu robo ya wapiganaji hao wanaishi vijijini. Mwaka 2014, baada ya kashfa ya watu kusubiri miadi kwa muda mrefu mno, sheria iliwaruhusu wanaoishi zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha mfumo huo, yaani kama kilomita 64, kutibiwa hospitali za kawaida zilizo karibu nao na serikali ilipe. Mwanzoni maili hizo zilipimwa kwa mstari ulionyooka, kama ndege arukavyo. Watu wa milimani na wa ng'ambo ya maziwa wakalalamika, na mwaka 2015 kipimo kikawa barabara. Tangu 2019 kipimo ni muda, wastani wa dakika 30 kwa gari kwa huduma za msingi na za afya ya akili, na dakika 60 kwa huduma za kibingwa. Nchi tajiri yenye barabara za lami kila upande nayo ilianza na mstari ulionyooka ikaukuta haufai. Sisi tunaopanga kwa watu wanaotembea kwa miguu tuna sababu kubwa zaidi ya kupima kwa saa. Tena saa za mwenye mguu mbovu, wakati wa mvua.

Turudi kijijini, kwa sababu kilichofuata ndicho kilichonifaa kazini kuliko masomo yote. Mimi na mhudumu wa afya wa kijiji, mama mmoja aliyeijua kila kaya na kila ugomvi wa mipaka, tulianza kupita nyumba kwa nyumba na daftari la kawaida la shule. Swali la kwanza lilikuwa moja: katika nyumba hii kuna aliyekwenda vitani? Rejista za takwimu za afya (MTUHA) tulizonazo zahanati zina nafasi ya umri, jinsia, kitongoji, ugonjwa. Nafasi ya swali hilo hazina. Tulipouliza, majina yalikuja mengi kuliko tulivyotarajia, na baadhi yalikuwa ya wazee tuliosalimiana nao kila siku njiani.

Majibu yao yalinibadilisha namna ya kutibu. Chukua masikio. Wengi walikuwa na masikio mabovu kutokana na mizinga, na mtu asiyesikia vizuri hujifunza kuitikia kwa kichwa ili asisumbue. Mzee mmoja alikuwa akimeza vidonge vyote vya siku kwa mpigo kila asubuhi. Maelekezo ya asubuhi, mchana na jioni alipewa akiwa amegeuziwa sikio la kushoto, lile lililokufa. Tangu hapo tulikuwa na kanuni pale dirishani: mkalishe, kaa upande wa sikio zima, mweleze, kisha yeye akueleze wewe. Kama amekuja na mkewe, mweleze na mke. Kanuni hiyo haikuhitaji fedha, ilihitaji muda, na muda wa mtumishi nao unapaswa kuwekwa kwenye mpango. Zahanati yenye watumishi wawili na foleni ya watoto wenye homa haiwezi kumpa mzee muda huo mpaka apangiwe siku yake.

Habari za usingizi tulizipata kwa wake zao. Hakuna mzee hata mmoja aliyeniambia kwamba halali. Mke anakuja kwa ajili ya mgongo wake, tunamaliza ya mgongo, anainuka, anafika mlangoni, anarudi. "Daktari, na baba yenu huyu, usiku anaamka anatoa amri." Mwingine alisema amezoea kulala ukutani ili mumewe abaki upande wa mlango, vinginevyo hatulii. Mwingine alisema siku za radi watoto walifundishwa kutomkaribia baba yao kwa nyuma. Wanawake hawa walikuwa wameibeba vita kwa miaka mingi bila mtu yeyote wa afya kuwauliza. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Mirembe, iko Dodoma, na hata ingekuwa jirani, wazee wale wasingekwenda, maana kwao kwenda huko ni kukitangazia kijiji kwamba umepagawa. Walichokikubali ni kukaa pamoja. Tuliwaomba wazee wa baraza la kijiji watupe ukumbi mara moja kwa mwezi, waliokwenda vitani wakae na wenzao, nami nikawepo kupima presha na kusikiliza. Sitadai kwamba mikutano ile iliponya. Nilichokiona kwa macho yangu ni watu walioanza kusema, na wawili watatu walioomba wenyewe nizungumze nao faragha.

Presha tuliitatua kwa njia ambayo ningeipendekeza kwa zahanati yoyote ya kijijini. Tulihamishia kliniki ya wazee siku ya gulio. Siku hiyo malori na pikipiki hushuka kutoka kila kitongoji na ndizi, kahawa na mbuzi, na mzee hupata lifti kwa mwanawe au kwa jirani bila kulipa, kwa sababu gari lilikuwa linakuja hata hivyo. Waliokuwa na presha iliyotulia tukawapa dawa za miezi miwili badala ya wiki mbili. Lakini kabla ya hayo yote ilibidi kuukata ule mzunguko wa fomu. Tulikwenda kwa mfamasia wa wilaya na lile daftari la shule, tukamwonyesha majina na vipimo vya watu ambao hawajatumia kidonge hata kimoja, tukaomba robo moja tu iagizwe kwa idadi ya wagonjwa waliopimwa, si kwa matumizi ya robo iliyopita. Alikubali. Robo iliyofuata matumizi yalikuwepo kwenye fomu, na dawa ikaanza kujiagiza yenyewe.

Kuna mambo ambayo zahanati haiwezi kuyamaliza hata ikijipanga vipi. Mmoja wa wazee wetu alipoteza mguu chini ya goti kwa bomu la kutegwa, akatengenezewa mguu bandia. Nilipomkuta, mguu ule ulikuwa umeshamzidi, kwa sababu mwili unapokonda na uzee, kigutu nacho kinakonda, na mguu bandia haukondi. Aliujaza matambara ndani ili usicheze, matambara yakamchubua, kidonda kikawa cha kudumu, naye akaacha kutoka nje. Chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia nchini, TATCOT, kipo KCMC Moshi tangu 1981 na kinaheshimika Afrika nzima, lakini kutoka kwetu hadi Moshi ni safari ya kulala njiani, na kiungo bandia kinahitaji kupimwa, kujaribiwa, kurekebishwa, kisha kubadilishwa tena baada ya miaka michache. Nauli, malazi na chakula cha mzee na anayemsindikiza vilizidi thamani ya kahawa yake ya mwaka mzima. Kwenye mpango wa afya wa halmashauri unaweza kutafuta kifungu cha gharama hiyo usikione. Mguu mpya ulipatikana hatimaye kwa mchango wa wanawe, na ninalieleza hili kwa uchungu, kwa sababu aliutoa mguu wa kwanza kwa ajili ya nchi nzima.

Kinachonipa moyo ni kwamba usafiri unaweza kupangwa, tumeshaupanga kwa wengine. Mfumo wa m-mama umeonyesha njia: mjamzito au mzazi mwenye dharura anapigiwa simu namba 115, kituo cha simu kinatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu kinamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, anambeba mama, naye analipwa na mfumo. Dereva yule yule anaweza kumpeleka mzee kwenye miadi yake ya macho au ya kiungo bandia, kwa siku iliyopangwa mapema bila hata king'ora. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 fedha nazo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo, kwa hiyo kamati ya kituo inaweza kuamua jambo kama hilo yenyewe, mradi idadi ya wazee hao iwe mbele yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Ninachokisisitiza kwenye kila kikao ninachoalikwa ni kwamba wasio na uwezo watafutwe majumbani kwao, na swali la vita likiwemo, maana mzee aliyewahi kurudishwa mapokezi hatajileta kujiandikisha.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia 70, na wengi wa wale waliokuwa kwenye daftari letu tumeshawazika. Hata hivyo kazi hii haiishi na wao. Vijana wetu wamelinda amani Darfur, Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Desemba 2017 askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kambi yao iliposhambuliwa Semuliki, karibu na Beni nchini Kongo, na wengi zaidi walijeruhiwa. Waliokuwa kambini usiku ule watastaafu mmoja mmoja, wengi wao watarudi kujenga kijijini walikozaliwa. Hawa wana kumbukumbu kamili jeshini, tofauti na mgambo wa 1978: inajulikana walipigana wapi, waliumia wapi, wanarudi kata gani. Siku mwanajeshi anapokabidhi sare, barua moja, kwa ridhaa yake, iende kwa mganga mkuu wa wilaya anakohamia, na kutoka hapo kwa zahanati iliyo karibu na nyumba yake, ikisema nani anakuja na anahitaji nini, ili dawa yake iwe kwenye maombi ya robo hiyo hiyo.